Nyasi Bahari za Chwaka, Malisho Yaliyo Chini ya Maji

Mpe mtoto aliyezaliwa Muscat, London au Minneapolis karatasi na kalamu za rangi, umwambie achore bahari ya kwao. Atachora maji ya buluu, mchanga mweupe, mnazi ulioinama na pengine ngalawa yenye tanga. Ndivyo anavyoiona kwenye simu, na ndivyo anavyooneshwa akienda likizo ya wiki tatu. Lakini bahari aliyokulia bibi yake, ile ya karibu na nyumbani, ilikuwa ya kijani na kahawia. Ilikuwa na majani. Bibi aliyapita kwa miguu akiwa na ndoo kichwani, na kitoweo cha jioni kilitoka humo humo.

Majani hayo yana jina: nyasi bahari, au majani ya bahari kama wengine wanavyoyaita. Ni mimea inayotoa maua, inayoishi na kuzaa ndani ya maji ya chumvi, kwenye kina kifupi ambako jua linafika. Sisi tulio nje tunaijua bahari kwa samaki na kwa ufukwe. Kilicho katikati ya samaki na ufukwe tunakisahau, na sasa wengi wetu tunanunua viwanja na kujenga pwani. Ndiyo maana nimeona tuyatembelee majani haya, na mahali pa kuanzia ni Chwaka.

Njia ya kwenda Chwaka

Kutoka Mjini Unguja hadi Chwaka ni kama kilomita 30 kuelekea mashariki. Daladala hupita Dunga, ambako Mwinyi Mkuu alijenga kasri lake katika karne ya 19, na magofu yake bado yapo hadi leo. Ukishapita hapo udongo mzito unakwisha, mawe ya matumbawe yanatokeza juu ya ardhi, na vichaka vinachukua nafasi ya mashamba. Kisha barabara inashuka, na mbele yako kuna ghuba.

Upande wa mashariki ghuba imekingwa na rasi ya Michamvi. Kusini imezungukwa na msitu mkubwa wa mikoko, ambao ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka iliyotangazwa mwaka 2004. Kaskazini ya Chwaka kuna Marumbi na Uroa, na kusini ndani kabisa kuna Charawe na Ukongoroni. Vijiji vyote hivi vinakula kutoka kwenye maji yale yale.

Ukifika wakati maji yamejaa utaona ghuba nzuri kama nyingine yoyote. Ukifika maji yakiwa yamekupwa utaona kitu kingine kabisa. Wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3. Yanapojaa hufunika eneo la kilomita za mraba 50 hivi, na yanapotoka sehemu kubwa ya eneo hilo inabaki wazi, ikiwa na vidimbwi, mifereji na majani yaliyolala kama nywele zilizochanwa upande mmoja. Mtu anaweza kutembea nusu saa kuelekea baharini na maji yasimfike magotini.

Nilikwenda na binti yangu siku ya bamvua. Ufukweni palikuwa na fungu kubwa la majani makavu, meusi, yenye harufu ya chumvi na ya kuoza kidogo. Bi mkubwa mmoja alikuwa anarudi na ndoo ya chaza, miguu imejaa tope jeupe.

"Shikamoo bibi," binti yangu akamwambia.

"Marahaba mjukuu wangu. Mmetoka wapi?"

"Uingereza. Bibi, huu uchafu wote unatoka wapi?"

Yule bibi alicheka mpaka akaiweka ndoo chini. "Uchafu? Huu umetoka kule shambani kwetu. Kwenye mchanga mtupu mimi ningeokota nini?"

Si mwani

Jambo la kwanza la kuwafundisha watoto ni tofauti kati ya nyasi bahari na mwani, kwa sababu hata sisi watu wazima huviita vyote mwani, au majani tu. Mwani hauna mizizi ya kweli, hauna maua wala mbegu. Hushika jiwe au kamba, na hunyonya chakula chake kwa mwili wote. Nyasi bahari ni mmea kamili kama mpunga. Zina mizizi, zina shina linalotambaa chini ya mchanga, zina majani yenye mishipa, zina maua, matunda na mbegu. Mababu zake walikuwa mimea ya nchi kavu ambayo ilirudi baharini tangu zama za dinosauri. Ulimwenguni kote kuna aina 60 hadi 70 tu za nyasi bahari. Pwani ya Afrika Mashariki ina zaidi ya 10, na nyingi kati ya hizo zinaota ndani ya ghuba hii moja.

Tofauti hii si ya darasani tu. Mwani unaolimwa Paje, Jambiani na vijiji vingine vya mashariki ya Unguja ulianza kulimwa kibiashara mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Wakulima wengi ni wanawake. Hufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizonyooshwa kati ya vigingi, huvuna, huanika na kuuza. Kilimo hiki kimesomesha watoto na kuezeka nyumba. Lakini vigingi hivyo mara nyingi hupigwa juu ya nyasi bahari, na wapo wakulima wanaong'oa nyasi kwanza kama mtu anavyopalilia magugu. Vitu viwili vikiwa na jina moja, kimoja kikiwa na bei sokoni na kingine hakina, ni rahisi kile kisicho na bei kuondoka bila mtu kuuliza.

Maua yanayosubiri mwezi

Nyasi ndefu kuliko zote ghubani wanasayansi huziita Enhalus acoroides. Majani yake ni kama utepe mpana wa kijani kibichi, na hufika urefu wa mita 1 na zaidi. Maua yake ya kiume ni madogo sana. Yakikomaa hukatika kwenye mmea chini, huibuka juu na kuelea kama chembe nyeupe za mchele. Ua la kike lina bua refu linalofika usoni mwa maji pale maji yanapokuwa machache. Maji yakishuka wakati wa bamvua, chembe zile nyeupe husukumwa na upepo hadi kwenye ua la kike na kunaswa humo. Baada ya hapo bua lile hujikunja kama springi na kulivuta tunda chini, likomae karibu na mchanga. Kwa hiyo mmea huu, kama mvuvi, hufuata mwezi.

Aina nyingine, inayopenda maeneo yenye mawimbi karibu na mwamba, ina shina gumu kama mti na majani yaliyokusanyika juu kama kichwa cha mnazi mdogo. Hiyo huotesha mche juu ya mama kabla ya kumwachia aende, kama mkoko unavyofanya. Zipo pia nyasi fupi zenye majani madogo ya mviringo, zinazotambaa juu ya mchanga kiasi kwamba ukipita bila kuangalia utadhani ni kivuli.

Chini ya mchanga ndiko kazi kubwa inakofanyika. Kwenye tope hakuna hewa, kwa hiyo majani hutengeneza hewa kwa mwanga wa jua na kuiteremsha mpaka kwenye mizizi kupitia vijia vidogo ndani ya mmea. Ndiyo sababu nyasi bahari haziwezi kuishi gizani. Maji yakichafuka kwa udongo au maji taka hadi jua lisipite, mizizi hukosa pumzi na eneo zima hufa. Zikiwa hai, mizizi hiyo hushika mchanga usichukuliwe, na majani hupunguza nguvu ya mawimbi kabla hayajafika ufukweni. Pia huhifadhi hewa ya ukaa chini ya mchanga kwa miaka mingi, na ndiyo maana siku hizi hutajwa kila panapozungumzwa mabadiliko ya tabianchi.

Wanaokula humo

Wa kwanza ni tasi. Samaki huyu tunayemkaanga na kumla kwa ugali au wali anaishi na kukua ndani ya nyasi bahari. Pono pia hula humo. Changu wadogo hujificha kati ya majani mpaka wawe wakubwa wa kutosha kwenda mwambani. Ndiyo maana wavuvi wa dema huteremsha mitego yao kwenye nyasi au pembezoni mwake, na wala si kwenye mchanga mtupu. Pweza hujichimbia karibu yake, na chaza, kombe na kaa hujaa kati ya mizizi.

Hapa pana jambo la kifamilia. Mwanamume mwenye ngalawa anaweza kwenda mbali, nje ya mwamba. Mwanamke mwenye ndoo na watoto hawezi. Bahari yake ni ile anayoifikia kwa miguu kati ya kupwa na kujaa, yaani ni hizi nyasi. Zikipotea, mwenye mashine atatafuta samaki kwingine, na mwenye ndoo atarudi na ndoo tupu.

Kisha kuna kasa, na kuna nguva. Watoto wetu wengi wanamjua nguva wa hadithi, nusu mwanamke nusu samaki. Nguva wa kweli ni mnyama mkubwa anayenyonyesha, mpole, na chakula chake ni nyasi bahari. Anachimba mizizi kwa mdomo na kuacha njia ndefu kwenye mchanga kama jembe lililopita. Zamani alionekana sehemu nyingi za pwani yetu. Leo amebaki kwa uchache mno. Upande wa Tanzania huonekana mara moja moja maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, mara nyingine akiwa tayari amenaswa kwenye jarife. Kundi kubwa lililosalia upande huu wa Bahari ya Hindi liko visiwa vya Bazaruto, Msumbiji.

Zinavyoondoka

Ghuba ya Chwaka bado ina nyasi nyingi, lakini si salama. Juya la kukokota, ambalo sheria inalikataza, bado huvutwa. Wavuvi hulikokota chini na likang'oa majani pamoja na samaki wachanga, na kati ya wenye juya na wenye dema ugomvi ni wa miaka mingi. Nanga za boti hukwangua mashimo ambayo huchukua miaka kufunikwa.

Wakati mwingine sababu haionekani moja kwa moja. Huko Diani, kusini mwa Mombasa, mwanzoni mwa miaka ya 2000 eneo kubwa la nyasi lililiwa na wale wanyama wa mviringo wenye miiba mwili mzima, wanaochoma mguu ukiwakanyaga. Walikuwa wameongezeka kupita kiasi. Samaki wanaowala, kama kikande, walikuwa wamevuliwa mno. Aliyevua kikande hakukusudia kuua nyasi, lakini nyasi zilikufa, na mahali palipokuwa na tasi pakabaki mchanga.

Na kuna upande wetu sisi wenye viwanja. Mgeni wa hoteli anataka mchanga mweupe kama wa kwenye picha. Kila asubuhi vijana huajiriwa kukusanya majani makavu na kuyatupa au kuyafukia mbali. Lakini majani yale yaliyolala ufukweni ndiyo yanayopunguza makali ya wimbi na kushika mchanga usiondoke, na ndani yake wanaishi wadudu wanaoliwa na ndege na kaa. Mtu anasafisha ufukwe kila siku, halafu miaka michache baadaye anajenga ukuta wa zege kwa sababu bahari inamla kiwanja. Shimo la choo lililochimbwa karibu mno na maji linafanya kazi ileile ya uharibifu polepole, kwa kuchafua maji na kuzuia mwanga.

Karibu na unapoishi

Huna haja ya kungoja likizo. Familia nyingi zinazosoma hapa ziko karibu na nyasi bahari bila kujua.

Walio Ghuba ndio wenye bahati zaidi. Maji ya Abu Dhabi, Qatar na Bahrain yana joto na chumvi nyingi mno, na ni aina 3 tu za nyasi bahari zinazoyavumilia. Zote tatu zinapatikana pia Afrika Mashariki. Hizo tatu zinalisha maelfu ya nguva, kundi kubwa la pili duniani baada ya Australia. Waarabu wa huko humwita ng'ombe wa bahari. Abu Dhabi pekee inahesabiwa kuwa na nguva wapatao 3,000, wengi wao katika eneo la hifadhi ya Marawah. Mtoto wa Kiswahili anayekulia huko yuko karibu na nguva kuliko binamu yake aliyeko Unguja. Oman nako, kati ya kisiwa cha Masirah na Barr al Hikman, kuna maeneo makubwa ya nyasi ambako kasa huenda kula.

Moja ya aina hizo tatu imesafiri kama sisi. Jina lake ni Halophila stipulacea. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869 ilipita humo, na kabla ya karne ile kwisha ilikuwa imeshaota Bahari ya Mediterania. Mwaka 2002 ilionekana Grenada, katika Karibi, na inadhaniwa ilibebwa na boti. Lakini huko Karibi imestawi mpaka inazibana nyasi za wenyeji, na wanasayansi wanaifuatilia kwa wasiwasi.

Uingereza ina aina nyingine, yenye majani membamba, inayostahimili baridi. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikadiria kwamba tangu mwaka 1936 nchi hiyo imepoteza angalau asilimia 44 ya nyasi zake. Huko Dale, Wales, watu wamepanda mbegu zaidi ya milioni 1 kwenye hekta 2, wakizitia pamoja na mchanga kwenye vifuko vya gunia vilivyofungwa kwenye kamba. Kabla ya kupanda walikaa na wavuvi na wenye boti kukubaliana mahali pa kupanda. Studland, kusini mwa Uingereza, farasi wa bahari huishi kwenye nyasi, na wenye boti wanaombwa wasitupe nanga juu yake.

Marekani, upande wa Atlantiki wa jimbo la Virginia, nyasi ziliteketea miaka ya 1930 kwa ugonjwa na kimbunga cha mwaka 1933. Ghuba zile zilikaa tupu kwa takriban miaka 70, na kombe waliokuwa wakivuliwa humo wakatoweka. Kuanzia mwaka 1999 watafiti wa Virginia Institute of Marine Science na watu wa kujitolea walikusanya na kumwaga mbegu zaidi ya milioni 70. Leo zaidi ya hekta 3,500 zimeota tena. Hiyo ni kazi ya zaidi ya miaka 20, ya kurudisha kitu kilichoondoka ndani ya miaka michache. Kenya nako, kisiwani Wasini, wavuvi wameanza kupanda nyasi bahari wakisaidiana na watafiti. Chwaka bado haijafika huko. Kulinda zilizopo ni rahisi kuliko kupanda upya.

Ukienda na watoto

Tazama mwezi kwanza. Bamvua huja mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, yaani siku za mwanzo za mwezi wa Kiislamu na kuanzia tarehe 14 au 15 hivi. Siku hizo Unguja maji hukupwa karibu saa nne asubuhi. Fika mapema kidogo, mwone mwenyeji anayeijua njia, mwamkie, na umlipe kwa muda wake. Vaa viatu vya raba, kwa sababu ya miiba na mawe. Pita kwenye mifereji ya mchanga badala ya kukanyaga majani, na jiwe ukiligeuza lirudishe lilivyokuwa. Mwache mtoto achuchumae kwenye kidimbwi kimoja, atulie dakika 10. Samaki wadogo watatoka wenyewe.

Kama unajenga pwani, muulize fundi shimo la maji machafu litakaa wapi kabla hujauliza dirisha litatazama wapi. Majani yaliyolala ufukweni yaache. Kama una boti, au unakodi, mwambie nahodha atupe nanga mchangani. Na kama watoto wako wanasoma nje, tarehe 1 Machi ni siku ya nyasi bahari duniani, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2022. Mwalimu wao atafurahi kusikia darasani habari ya tasi, ya nguva na ya ua linalosubiri mwezi.

Jambo la mwisho ni la usalama. Maji yakianza kujaa Chwaka hayaji kwa wimbi, yanakuja kimya kupitia mifereji, na yanaweza kukuzunguka kwa nyuma. Ukiona wanawake wenye ndoo wameanza kurudi, nawe mshike mtoto mkono mrudi nao.